Homa ya Nyambura

Mjukuu wangu Wairimu,

Sisi tuko salama, na guka wako, babu yako, anakusalimu kutoka shamba letu la kahawa.

Katika barua yako uliuliza kama niliwahi kuona ugonjwa unaopona kisha unarudi. Niliuona hapa Nyeri, miaka ya kwanza ya uhuru. Dada yangu Nyambura alikatwa na jembe mguuni hadi mfupa. Kidonda kikaoza, akashikwa na homa. Alipomeza dawa homa iliisha, halafu ikarudi.

“Wewe unatupa vidonge,” mama alimwambia.

“Nameza, mama.”

Hakuaminiwa. Alihamia mji wa Timau, akafia huko kwa homa ileile.

Sasa umenieleza kwamba dawa huua bakteria wanaoogelea kwenye damu, lakini wengine hushikamana kwenye mfupa, hujifunika ute, na baadaye hutoka tena kuogelea. Kumbe Nyambura alisema kweli, na wote wawili wameshakufa; mama hawezi tena kumwomba radhi.

Ni mimi bibi yako, cucu wako.