Programu Inayoniuliza Hali

Dada yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na cherehani bado inatulisha. Shemeji yako amepaka rangi sebule, basi kila mgeni sharti aisifie.

Mwanao aliyeko chuoni aliniwekea kwenye simu programu ya wanawake ambao hedhi yao inakoma. Kila asubuhi inaniuliza, "Unajisikiaje leo?" Nami najaza: joto lilinipanda nikimpima bibi harusi gauni, jasho likadondokea kitambaa, nimemfokea mteja bure, sina raha. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watoto. Siku hizi nikimaliza chai naisubiri iniulize.

Jumapili shemeji yako alinikuta nikiandika, uso ukamwiva.

"Huyo unayemwandikia kila siku ni nani?"

Nikampa simu. Alisimama dirishani akasoma yote, hata pale nilipoandika kwamba tunalala kitanda kimoja na bado niko peke yangu. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo, tutazungumza.

Akanirudishia simu. "Chaji inakwisha," akasema, akaenda kuwasha redio.

Sikulia, dada. Niliichomeka simu kwenye umeme, nikarudi kukata kitambaa.

Mama hakutuambia kitu kuhusu umri huu, na wewe uliupitia kimya kimya. Ulikuwa ukimweleza nani? Nipigie ukipata nafasi. Habari za nyumbani tuziache kwanza. Niulize hali yangu mimi, halafu nyamaza nikujibu.

Ni mimi, nduguyo wa ziwa moja.