Kisu Chako Bado Hakina Mpini

Lubumbashi, Bel-Air
Jumapili, baada ya misa

Mama Ngoie mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu namsalimu mtoto wetu, halafu nakusalimu tena, maana salamu za kwanza sina hakika kama utazipokea. Hamjambo huko Kabalo? Mama mkwe na magoti yake anaendeleaje? Ngoie amezoea shule, au bado anakulilia mlangoni? Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma hapa chini, kama hutaichana barua hii. Simu zangu hupokei na sikulaumu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mama Kabange, yule jirani anayefuata mafuta ya mawese huko kwenu, amekubali kuibeba kwenye treni pamoja na kifurushi kidogo.

Huku mvua imeanza, umeme unakuja unapotaka, na malewa yetu bado iko wazi, wateja wanakula kwenye meza nne zilezile. Tangu ulipoondoka anapika Chantal, binti wa mjomba. Anajitahidi, maskini, lakini yule dereva wa lori anayepita kwenda Mokambo alisukuma sahani yake akaniuliza bukari iliyosongwa hivi inaumwa ugonjwa gani. Watu walicheka, nami nikacheka nao, unanijua. Halafu nikaenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Sasa nikwambie habari ya visu.

Unakumbuka tulivyokwenda kwa baba Kasongo, yule mzee aliyestaafu karakana ya mgodi, anayefua visu uani kwake kwa vyuma vya springi za malori. Ulinisumbua mwaka mzima kabla sijakubali. Ulisema visu vya sokoni vinakuchosha mkono, nami nikakujibu kwamba kisu ni kisu. Tukaagiza viwili, changu cha nyama na chako cha kila kitu, akatuambia tusubiri miezi sita maana anatengeneza kimoja kimoja, peke yake. Siku ile alikupa kitunguu na fungu la matembele ukate mbele yake, auone mkono wako. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nje kwenye simu, nikibishana na mtu wa makala ya kupikia. Niliporudi ulikuwa umemaliza, na mzee alikuwa anaandika kwenye kaye yake, lile daftari la wateja. Ukanitazama kidogo, nikauliza kwani kuna nini, ukasema hakuna kitu.

Miezi minne baadaye ukaenda kumzika baba yako. Ulisema wiki mbili, na huu ni mwezi wa saba. Neno la mwisho uliloniambia kwenye simu ni kwamba umechoka kuishi na mtu asiyekuona. Nilikasirika sana. Nilikuuliza nikuone vipi tena, wakati tuko pamoja tangu asubuhi hadi jioni katika nyumba moja na kazi moja. Ukakata simu.

Visu vilipofikia mwisho, baba Kasongo aliniita. Mpini anautia baada ya yote, mwenye kisu akiwepo. Unashika kipande cha mti wa mukula, anachonga, unashika tena, anachonga tena, mpaka vidole vinatulia. Changu kilimalizika siku hiyohiyo. Kuhusu chako, akasema nikulete. Nikamwambia una malaria. Alipopiga mara ya pili nikasema umesafiri kidogo. Mara ya tatu nikasema umerudi lakini kazi zimekubana. Nilidanganya kwa sababu kusema kwamba hurudi kungekuwa sawa na kukubali. Kila asubuhi nilijiambia kwamba utakumbuka kisu chako, utakuja hata siku moja tu kukishika, na ukishafika nitajua la kusema. Nilikuwa nasubiri kisu na wewe kwa pamoja, sikuweza kuvitenganisha tena.

Mwishowe mzee akasema kuna wengine kwenye foleni, na asipomwona mwenyewe mwezi huu atakigeuza kiwe cha mtu mwingine. Hapo nikafanya upumbavu. Nilimchukua Chantal. Vidole vyenu vinalingana, niliwahi kuwaona mkiazimana pete. Nikamwagiza asiseme mengi, nitamwambia mzee kwamba ndiye wewe, kwani mzee alikuona mara moja tu na miwani yake ina ufa.

Baba Kasongo alipangusa miwani yake. Alimpa kitunguu. Chantal hakufika hata nusu, mzee akamzuia mkono taratibu, akafungua kaye yake, akasoma, akaniangalia.

"Huyu haiko bibi yako," akasema. "Bibi yako anakata na mukono ya kushoto."

Mama Ngoie, nilibishana naye. Nilimwambia amechanganya watu kwenye kaye. Mke wangu nimekaa naye miaka saba, ananipakulia kwa mkono wa kulia, anakula kwa kulia, anasalimu kwa kulia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akachukua kisu chako, mkia wake umezungushiwa kitambaa tu, akanionyesha makali. Alikuwa amekinoa upande mmoja, upande wa pili ameuacha bapa. Alisema amekifua hivyo tangu siku ya kwanza, na mtu wa mkono wa kulia akikitumia kitamkimbia pembeni.

Nikamgeukia Chantal. Alikuwa anaangalia miguu yake.

"Yaya, kaka yangu, sisi bote tulijua," akasema. "Alikuwa anajificha juu ya kuogopa mama yako."

Njiani akanieleza mengine. Kwamba ulipokuja kwetu mara ya kwanza, mama yangu alikukuta ukimenya viazi, akasema mbele ya wanawake wote kwamba chakula cha mkono wa kushoto hakitafika mezani kwa mwanawe. Tangu siku hiyo ukawa unakata ukiugeuzia mlango mgongo. Dada zangu walijua, majirani walijua, na mzee wa visu alijua kwa kitunguu kimoja. Chantal alidhani na mimi najua, ila nanyamaza kwa heshima ya mama.

Tulipofika nilikwenda jikoni nikasimama mahali pako. Unakumbuka nilivyosukuma meza yako hadi ukutani ili friji ipate nafasi? Uliniomba niirudishe, ulisema mkono unagonga ukuta. Nilikujibu kwamba meza ni meza. Siku ile nikashika kisu kwa kushoto nikajaribu kukata, na kiwiko kikagonga ukuta kila nilipovuta mkono. Rangi imechubuka pale, sehemu ndogo, usawa wa kiwiko chako na si changu. Ile alama nyeusi uliyokuwa nayo kiwikoni nilidhani ni ya moto wa mbabula, hata nikakununulia mafuta ya kupaka. Miaka miwili ulipika hivyo. Nilikaa chini sakafuni nikalia, Chantal akafunga mlango ili wateja wasinione.

Meza nimeirudisha. Najua kwamba sasa haikusaidii kitu. Mama yangu nimezungumza naye pia, na sitakudanganya kwamba ameelewa. Amenuna, lakini amesikia.

Kisha nikarudi kwa baba Kasongo nikamweleza ukweli wote, hata la meza. Hakunigombeza. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakiponda kwa maji ya moto, akakikanda kama bukari mpaka kikalainika. Akasema ukikishika kwa nguvu, kama mtu anayekata, ukakiacha kikauke, atachonga mpini kwa kufuata alama za vidole vyako. Kisu kitakufuata Kabalo kwa treni. Hutahitaji kuja.

Wiki tatu nilikaa na sabuni hii ndani ya sanduku. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilitaka kukwambia kwamba fundi amekataa, ni lazima ufike mwenyewe. Barua hiyo niliiandika kabisa. Niliichana jana.

Basi sabuni ndiyo hiyo, ndani ya kifurushi. Itakuwa imekauka, iloweke kwenye maji ya moto uikande ilainike. Ishike kwa kushoto, mbele ya mtu yeyote. Kisu ni chako, utakitumia popote utakapopika. Ukitaka kuja na mkono wako badala ya sabuni, nitakungoja kituoni treni yoyote utakayoitaja, na sitasema sana. Ninakupenda. Nilipaswa kuanza na neno hilo, lakini sikuona kama nina haki nalo.

Unisalimie mama mkwe, umwambie dawa ya magoti nitaituma. Unisalimie kaka yako wa kwenye reli, nisamehewe maneno niliyomtupia kwenye simu, na shangazi yako aliyetufungisha ndoa kwa kelele zake.

Na Ngoie umbusu. Tangu asubuhi najaribu kukumbuka anashika kijiko kwa mkono gani. Namwona amekaa, namwona anakula, mkono siuoni. Tafadhali nijibu hilo tu, hata kama mengine hutayajibu.

Ni mimi, mume wako,
Baba Ngoie