Ndizi Tulizompelekea Mama Solange

Mpendwa baba,

Neno hilo la kwanza nililiandika, nikalifuta, nikalirudisha. Libaki. Kukupenda sijaacha, na hiyo ni sehemu ya aibu yenyewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda kinanikwama kooni. Kile ni lugha uliyonibembelezea, na mambo haya siwezi kuyatia ndani yake. Kiswahili ulinipa barabarani, tukivuka mpaka kwenda kuuza vitunguu Goma, wewe na gunia begani, mimi nyuma nimeshika pindo la koti lako. "Sema bei kwa nguvu," uliniambia. "Mutu mwenye anasemaka polepole, wanamuibiaka." Leo nafundisha lugha hiyo shuleni, na wanafunzi wananicheka neno la mpakani linaponiponyoka. Basi leo nitasema kwa nguvu.

Unaikumbuka kona ya chini ya shamba letu, pale mteremko unapoishia kwenye ukuta wa mawe meusi? Ilikuwa na migomba minene kuliko yote. Ulitukataza, mimi na kaka Deo, kupeleka jembe kule. Magugu ya kona ile uliyang'oa mwenyewe kwa mkono, umepiga magoti, na ukimaliza ulikaa hapohapo kitambo bila kufanya kitu. Sisi tulidhani unapumzika. Mkungu ukikomaa uliukata mwenyewe, ukaniwekea kichwani juu ya kata ya majani makavu, ukasema maneno yaleyale: "Hii haiko yetu. Mupelekee Mama Solange."

Mama Solange ni jirani yetu wa upande wa pili wa uzio wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe. Mume wake alikuwa fundi wa injini za mitumbwi kule Rubona. Aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na mwili wake haukuonekana. Mimi nilizaliwa baadaye, kambini, ng'ambo ya mpaka, ambako mlikimbilia na ambako mama alifia. Tuliporudi nyumbani nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Nilichokijua ni kwamba jirani yetu ni mjane, na baba yangu anamkumbuka.

Aliupokea mkungu kwa mikono miwili. "Baba yako iko mutu muzuri," alisema kila mara. "Benye kunikumbuka walibakia kidogo." Kisha hakuniruhusu kuondoka. Alimenya, akapika na maharage, akanipakulia kwanza mimi kabla ya Solange wake, nami nilikula mpaka nikaramba vidole. Nilijivuna, baba. Kwenye katekisimu tulipoulizwa nani anaweza kutoa mfano wa kumpenda jirani, mkono wangu ulikuwa juu kabla ya swali kuisha.

Unaikumbuka gacaca, ile mahakama ya mtaa? Mtaa mzima tumekaa kwenye majani, wazee waamuzi kwenye benchi mbele yetu, na Mama Solange anasimama. Hakubadilisha maneno hata siku moja. "Mi sitafute mutu wa kufunga. Munionyeshe tu kwenye mulimutupa." Kisha aliueleza mkaba wa mumewe, mshipi wake wa suruali, huenda kuna mtu aliyeuona: ulikatika, akaushona yeye mwenyewe kwa kipande cha mpira wa tairi na uzi wa nyavu. Aliueleza mara nyingi hivi kwamba watoto wa mtaa tuliujua mkaba ule kuliko mikaba ya baba zetu. Wewe ulikaa kando yangu, kofia juu ya magoti. Inzi alitua mkononi mwako, akatembea mpaka kwenye kidole, hukumfukuza. Nilidhani unamhurumia. Tukirudi nyumbani ulitangulia mbele kwa hatua ndefu, na mimi nikakukimbilia.

Hakuna aliyewahi kukutaja. Ulikufa kitandani, umefunikwa blanketi, mkono wako ndani ya wangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini wewe hata kilio hakikukufichua. Msibani Mama Solange aliomba kusema. Alisimama kando ya jeneza lako akawaambia watu kwamba katika mtaa huu kulikuwa na moyo mmoja, nao ndio huu tunaoupeleka ardhini. Nililia kwa fahari. Kumbuka hilo popote ulipo.

Mwaka jana Deo aliamua kujenga vyumba vya kupangisha. Unamjua kaka, akishaamua jambo halimtoki. Alikata migomba ya kona, akaleta vibarua wachimbe msingi. Nilikuwa darasani aliponipigia simu na kusema "Kuya nyumbani" bila salamu.

Nilikuta amewapeleka vibarua kula, na shimo amelifunika kwa turubai. Alilikunja upande mmoja ili nione. Mifupa. Kitambaa kilichokuwa shati. Nilishika ukuta wa mawe.

"Iko mukimbizi," Deo alisema haraka, kabla sijauliza. "Wakati tulikuwa tunakimbilia Goma, watu walikuwa wanaanguka njiani, wanazikwa popote. Na mama yetu, we? Nani anajua kaburi yake? Jina yake iliandikwa kwenye ukuta gani?"

Kuhusu mama, hakusema uongo. Kaburi lake hatulijui, na kila mwaka majina ya waliouawa yakisomwa pale kwenye ukumbusho mimi humlilia yeye pia, kimyakimya, nikijionea haya kwa kulilia wangu kwenye msiba wa wengine. Lakini mama aliuawa na ugonjwa, wewe umemshika mkono. Mtu aliyelala shimoni alitolewa nyumbani kwake akauawa kwa sababu alizaliwa Mtutsi. Kifo cha mama si udongo wa kumrudishia juu.

Nayasema haya leo kwa ufasaha wa mwalimu. Pale shimoni sikuyasema. Pale nilitamani Deo awe sahihi. Niliitaka hadithi yake kama mtu anavyotaka maji, baba, na kama asingeinama kuondoa donge la udongo, pengine ningeinywa yote.

Aliinama. Chini ya donge kulikuwa na mkaba, na katikati ya mkaba kipande cha mpira wa tairi, kimeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Deo aliutazama. Kisha mtu mzima yule mwenye ndevu akanitazama, akaanza kulia kama mtoto.

Nilizunguka uzio mwenyewe. Mama Solange alikuwa anachambua mchele. Sikumbuki nilimwambiaje, nakumbuka tu aliuweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike. Alifika, akapiga magoti, akagusa pale aliposhona. "Njo ye, bwana yangu," alisema. Kisha akainua macho akaona visiki vya migomba, vibichi bado, vinatoa maji.

"Ndizi zilikuwa zinatoka hapa?"

"Ndiyo, Mama."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliweka pembe ya kitenge mdomoni, na kutoka nyuma ya kitenge akasema, "Na we nilikuwa nakupakulia." Deo akaenda kuwaita viongozi wa mtaa.

Ulikuwa unafikiri nini? Nimekaa na swali hilo mpaka likaninyima usingizi. "Hii haiko yetu," ulisema, kwa hiyo ulijua ni ya nani. Pengine ulidhani unarudisha. Pengine chakula kile kilikushinda kumeza ukatafuta wa kumpa, na katika mtaa wote ukamwona yeye! Alikuwa anauliza mahali tu. Hakutaka ufungwe. Kidole chako kimoja kingetosha, ukinyooshe kutoka pale kwenye majani, lakini ulimwachia inzi akitumie. Nakuonea hasira, halafu naona koti lako bado limetundikwa nyuma ya mlango, na ninalinusa. Nina aibu kwa hasira na nina aibu kwa kunusa.

Mume wa Mama Solange alizikwa kwa heshima kwenye ukumbusho, Aprili hii. Jina lake limeandikwa ukutani na Solange alilisoma kwa sauti isiyotetemeka. Kisha kiongozi mmoja akashukuru "jirani mwema aliyevunja ukimya", akaninyooshea mkono, na watu wakapiga makofi. Makofi, baba. Nilitazama viatu vyangu. Nilitaka kuwaambia kwamba ukimya haukuvunjwa na mimi, ulivunjwa na kibarua anayetafuta msingi wa vyumba vya kupangisha.

Mtaani umeshakuwa hadithi, na kila mtu ana yake. Deo anawaambia marafiki zake kwamba ulimkuta amekwisha kufa, ukamzika ili mbwa wasimguse. Sokoni wanasema ulikuwa kwenye kizuizi cha barabarani na panga lako. Wengine wanasema nyumba yetu nzima ilijua, na nikipita wanapunguza sauti. Ukutani limeandikwa jina lake tu. Kwa ukuta hilo linatosha, mimi halinitoshi.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni siku nyingine, kabla ya mazishi, siku ya kuosha.

Unajua desturi. Kabla ya kuzikwa kwa heshima, ndugu na majirani hukusanyika, mabaki yakaoshwa, yakafutwa, yakawekwa kwenye kitambaa cheupe. Mimi sikukusudia kwenda. Mtoto wa nani aende kuosha kule? Mama Solange alinitumia ujumbe mfupi: nije. Nilienda nikasimama mlangoni. Wanawake waliokuwemo waligeuka kunitazama. Yeye alisukuma beseni kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Ikala. Osha."

Nilikaa kwenye mkeka. Aliniwekea mkononi mfupa wa mkono, na mimi nikauosha kwa kitambaa, polepole, udongo wa shamba letu ukitoka kidogokidogo na kuyatia maji weusi. Alikuwa bega kwa bega na mimi, mikono ya gauni ameikunja. Tulifanya kazi hivyo muda mrefu. Wanawake walirudia mazungumzo yao ya chini. Nilianza hata kupumua.

Ndipo akaniuliza, macho yake kwenye maji.

"Baba yako alimuua, ao alimuzika tu?"

"Sijui, Mama."

"Hakukuambiaka?"

"Hapana."

Alikamua kitambaa chake. Kisha akasema kwa sauti ambayo mimi peke yangu niliisikia, "Useme tu alimuzika. Mi nitaitika, nitaamini."

Nilielewa anachoomba. Hakuwa ananiokoa mimi. Alikuwa anatafuta namna ya kubaki na yule jirani aliyemsifu kando ya jeneza, na ile miaka aliyopokea kwa mikono miwili. Sentensi moja ingetutosha sote wawili. Nilifungua mdomo, baba, nakuapia nilifungua. Nilikutafuta kila mahali ndani yangu: mpakani, shambani, kwenye majani ya gacaca, kitandani na mkono wako ndani ya wangu. Umeniachia nyumba, shamba na lugha mbili, na katika hizo zote hukuniachia neno hata moja la kukutetea.

Alinisubiri. Alinisubiri kuliko nilivyostahili. Kisha akauchukua mfupa mkononi mwangu, akavuta beseni upande wake, akaendelea kuosha peke yake.

Kwaheri, baba. Kulala kwa amani sikutakii na adhabu sikuombei, maana sijui namuaga nani.

Ni mimi binti yako, uliyembebesha mikungu