Mistari Mitatu ya Gloria

Jumamosi jioni, Etterbeek

Bon, bila mimi hoki ya Ubelgiji ingekuwa imeshakufa. Mimi niliyekuwa beki wa kuogopwa Lubumbashi nzima, washambuliaji wakiniona wanaomba kubadilishwa, leo nimekubali kuketi kwenye baridi, kalamu mkononi, nimpime mtoto wa dada yangu.

Gloria ni mshambuliaji wa timu ya chuo. Kocha wake, kijana mwenye filimbi kubwa kuliko akili, anasema Gloria harudi nyuma kukaba. Kesho anachagua nani wa kuanza mechi ijayo. Donc leo kabla ya mechi Gloria akanipa karatasi, ya kumwonyesha kocha.

"Tonton, kila tukipoteza mpira nikarudi kukaba, weka mustari mumoja. Ni hivyo tu."

Hivyo tu! Kama vile kila muntu anaweza.

Mechi ilipoisha nikamrudishia. Mistari mitatu.

"Mitatu? Tonton, nimekimbia mpaka miguu inatetemeka!"

"Beki hadanganywi," nikamwambia. "Kukimbia, hata mbuzi anakimbia."

Akaikunja karatasi. Akaipeleka kwa kocha vilevile, kwa heshima ya mjomba, huyu mjomba mtaalamu. Tangu hapo hapokei simu yangu.

Alors, niandike hapa ambapo hakuna anayesoma. Miwani niliiacha nyumbani makusudi, inanizeesha. Pale nilipoketi, wasichana wote wa jezi ya bluu walikuwa muntu mumoja. Kwa hiyo nilikuwa ninaweka mstari kila watu walipopiga makofi.

Walipiga mara tatu. Mechi iliisha mbili kwa moja.