Kaka, Sema Ukweli wa Shimo la Singe

Kaka yangu Boay,

Barua hii naiandika gazetini kwa sababu zile nilizokutumia kwa bahasha huko Ulaya hukuzijibu. Hapa angalau watu wa Singe wataisoma.

Nakumbuka uliporudi kutoka masomoni na darubini yako. Uliiweka kwenye meza ya mama pale Bagara, karibu na dirisha, ukaniita. Ulikuwa umevunjavunja mawe ya chokaa na kuyaosha, yakabaki magamba ya wadudu wa majini walioishi kabla hajakuwapo mtu, madogo kuliko punje ya chumvi. Ulisema huko mlijifunza kwa chokaa ya kale zaidi, ya zama za makaa ya mawe, lakini kanuni ni ile ile: kila tabaka lina wadudu wake. Mama Paskali wa Singe, aliyekuja kumjulia mama hali, alichungulia naye akacheka.

"Yaani Boay, miaka yote hiyo darasani ni kwa ajili ya chawa wa mawe?"

"Chawa hawa hawadanganyi, mama. Sindano ndiyo inayodanganya."

Sindano ilikuwa ya kile chombo cha kupima mionzi ya gama, mlichokishusha kwa waya kwenye mashimo ya visima mliyochimba. Kwenye udongo wa mfinyanzi ilipanda, kwenye chokaa ikashuka, ikichora mstari kwenye karatasi. Ulinifafanulia bila haraka, na nilikupenda kwa hilo. Chokaa mbili tofauti zinaweza kuchora mstari unaofanana, ukasema, ndiyo maana lazima magamba yathibitishe. Shimo mlilotangulia kuchimba kule Nakwa lilikuwa limewaonyesha chokaa mbili. Ya juu ina magamba laini, nayo ni kavu. Ya chini ina magamba yenye vinundu, na ndiyo yenye maji.

Kisha mkaja Singe. Madukani hapakuwa na sabuni wala sukari, na dizeli ya kuchimba shimo moja ilipatikana kwa kupiga magoti ofisi hadi ofisi. Mama Paskali aliwapikia wachimbaji maharage aliyoyaweka kwa mbegu, maana hakuwa na mengine. Sindano iliposhuka, ukamwambia mgeni mkubwa aliyekuja kuhutubia kwamba mmeifikia chokaa ya maji. Akawatangazia watu. Akina mama wakapiga vigelegele.

Jioni, mezani kwa mama, niliangalia magamba ya Singe kwenye darubini baada yako.

"Mbona laini?"

"Nimeona."

"Basi hii ni ile ya juu. Waambie waendelee kuchimba."

"Mgeni ameshatangaza, mdogo wangu. Nitamwambia nini?"

"Mwambie sindano imewadanganya."

Ukafunika darubini kwa kitambaa, ukamwomba mama chai.

Kesho yake mtambo wa kuchimba ulifunguliwa ukaondoka. Dizeli iliyobaki, ambayo ingewafikisha chini, iliingia kwenye Land Rover ya mgeni. Pampu ilitoa tope kidogo, halafu hewa.

Niliandika habari. Mhariri alikupigia simu kuthibitisha, kama inavyotakiwa. Ukamjibu, "Mdogo wangu anaandika vizuri, ila mambo ya mawe hayajui." Habari haikutoka. Mwezi huo huo ukapanda ndege kwenda kwenye kazi yako mpya.

Katika kazi hii wakubwa wengi wamenidanganya na sijapoteza usingizi. Wao hujaribu kuficha, mimi huuliza. Lakini wewe ulinifundisha kutazama, na nilipoona ulichokiona, ukamwambia mtu wa tatu kwamba sioni. Hilo sijalimeza. Tena haikuwa kwa ajili ya kuokoa roho ya mtu. Ilikuwa ili mtu mmoja asirudi jukwaani kusema amekosea.

Juzi nilikutana na Mama Paskali akitoka mtoni, ndoo kichwani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Yule mtu wako wa chawa hajambo?"

"Sina habari zake, mama."

"Ukizipata mwambie pampu yake inatufaa. Tunaanikia nguo."

Alicheka, mimi sikuweza.

Sasa sikiliza. Fundi wa ule mtambo amerudi Babati, anaichimbia parokia kisima. Nimezungumza naye. Shimo la Singe halijaziba, na yuko tayari kuliongeza kina kwa dizeli atakayobakiza. Kinachomzuia ni taarifa ya shimo uliyoiandika kabla ya kusafiri. Imeandikwa kwamba chokaa ya maji imeshafikiwa na haina kitu, na chini kuna sahihi yako. Hawezi kumwaga dizeli kwenye shimo ambalo mtaalamu amelitangaza kavu. Neno langu halitengui sahihi yako. Ataondoka mvua zikianza, na mawingu yameshaanza kujikusanya.

Mpelekee telegramu yeye, si mimi. Mwambie magamba ya Singe yalikuwa laini na chokaa ya maji iko chini zaidi. Sitaki uniombe radhi, wala sitaki kujua ulimwogopa nani. Maneno hayo machache yanatosha, na unayajua tangu jioni ile.

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Mdogo wako,
Babati