Mchoro wa Figo Ulioniomba

Nyuma ya Soko la Matunda,
Taitung, Taiwan.
9 Septemba 2014

Mpendwa Kaka Teng-fa,

Hujambo kaka yangu? Unalala? Unakula? Yale maumivu ya ubavuni yamepungua? Nauliza kwa mpigo kwa sababu tangu nipate barua yako situlii. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na bado anagombana na jirani juu ya kuku. Kimbunga kimeangusha topetope nyingi kabla hazijakomaa, lakini paa limesalimika.

Umeniandikia kwamba daktari wa huko São Paulo ameona uvimbe kwenye figo yako, anataka kuitoa, nawe umekataa. Unataka nikuchoree mahali pa figo kwenye unyayo, pale ambapo sisi wakandaji wa nyayo tunapabana ili kuitibu figo, Wifi Pi-hua awe anakubana hapo kila jioni. Ungeniomba mwaka jana ningekuchorea siku hiyohiyo, na rangi ningetia. Sasa, kaka, nimechanganyikiwa.

Alikuja daktari wa chuo kikuu, anaitwa Wen-chi, mwanamke mpole. Alitaka kupima kama kukanda nyayo kunawatibu kweli watu wasiopata usingizi. Nikamwambia pima tu, nikijiona tayari niko gazetini. Akawagawa wateja wangu mafungu mawili. Hawa niwakande panapostahili, wale niwakande pasipohusika, na wenyewe wasijue. Kuzungumza nao marufuku, eti maneno yangu nayo yanaweza kuwa dawa. Mimi unanijua, nikae kimya na mguu wa mtu mapajani!

Mambo yakaharibika mapema. Wale wa uongo alitaka niwapapase tu. Watu wa hapa nao, mguu usipouma wanaona wameibiwa. Mzee Chin-tu muuza matairi akauvuta mguu wake akaniuliza, "Dada, unanikanda au unanipangusa vumbi? Nimekuja hapa kuumia." Chumba kizima kikacheka, siri ikawa haipo tena.

Basi Wen-chi akaanza upya, akaamuru wote waumie sawasawa. Lakini hebu niambie, nikishabana kisigino cha mtu kwa nguvu zangu zote, huo bado ni ukandaji wa uongo? Nilimuuliza, akasema hata yeye hana uhakika. Na mikono yangu ina ukaidi wake. Nikisahau kidogo tu, kidole kimesharudi pale kilipozoea, na Wen-chi anaguna na kumwondoa mtu huyo kwenye hesabu.

Mwishoni mafungu yote mawili yakajibu kwamba yanalala vizuri. Nikafurahi mimi, Wen-chi akashika kichwa. Alisema kama hata waliokandwa pasipohusika wamepona, hajui kilichowaponya. Nikamwambia ni mikono yangu. Akasema huenda, au huenda ni kule kukaa kitini bila kusumbuliwa na mtu.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Juzi nilimkuta sokoni Mama Hsiu-chu, mmoja wa waliopimwa, macho mekundu kama pilipili. Nikamuuliza habari za usingizi. Akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, tangu unikande sijapata hata lepe. Ningekuaibishaje mbele ya mgeni, na mama yako ndiye aliyenipikia kuku wa mafuta ya ufuta nilipojifungua?"

Nikawapitia wengine, na wengi walikuwa wamejibu kwamba wanalala kwa kuniheshimu tu. Ila Mzee Chin-tu, aliyekandwa pasipohusika, anaapa kwamba anakoroma mpaka mkewe anahama chumba, na huyo hajawahi kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Sasa nishike lipi, niache lipi? Miaka yote hii watu wananishukuru, na sijui nani alipona na nani alinionea huruma. Inaniuma, kaka, sikufichi.

Jana nilikaa nikaanza kuuchora unyayo wako. Nikafika penye figo, mkono ukagoma. Wewe nawe ni mtu wa hapa. Nikikutumia mchoro huu, utaniandikia kwamba umepona, kwa kunionea haya tu, nami nitaamini, huku uvimbe unakua.

Kwa hiyo mchoro sikutumii. Figo yako mimi sijaiona, daktari ameiona. Nenda akupasue.

Mama anakuombea hekaluni kila asubuhi, na hajui unaumwa nini hasa. Nimemwambia ni mgongo. Msalimie sana Wifi Pi-hua, mwambie asikusikilize. Mpwa wangu Po-yen mbusu kichwani. Mbingu zikulinde mezani kwa daktari na zikuamshe salama.

Ukitaka kunichukia kwa hili, nichukie ukiwa mzima.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyojua kuandika,
Su-lien