Picha ya Mama wa Mwenzio

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi sijambo, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi. Natumaini nawe u mzima, unakula vizuri, na kile kifua cha utotoni hakijarudi.

Barua yako imefika, lakini haikufika kwangu kwanza. Uliwaandikia wazee wa kanisa na mimi ukaniandikia ya kwangu, na ya wazee ikaiacha yangu njiani. Kwa hiyo habari zako nimezipata Jumapili mlangoni mwa kanisa, nimesimama na kitabu cha nyimbo, Mzee Kengele akinijia na uso wa msibani. Nikajua umekufa.

"Mama Mchungaji," akasema, "kijana ameingia kwenye masanamu."

"Yu hai?"

"Yu hai, lakini..."

Sikumngoja amalize hiyo lakini yake. Nilikaa chini nikamshukuru Mungu. Kuumia kulikuja baadaye, nikiwa nyumbani, nimeshavua viatu.

Kanisa zima lilikusomesha uje ushike mimbari ya marehemu baba yako. Leo unatuambia umekuwa mtawa wa Kanisa la Kiorthodoksi, unavaa kanzu nyeusi, unajifunza kuchora nyuso za watakatifu kwenye mbao, na watu wazima wanapanga foleni kuzibusu. Tena unaniambia hiyo ndiyo maana ya Neno kufanyika mwili. Mwanangu, mimi nimewafundisha wanawake Biblia tangu wewe hujaota meno. Neno alifanyika mwili, nalijua. Alikuja mara moja, akafa mara moja, akafufuka, akapaa. Alichotuachia ni Neno lake na Roho wake. Ndiyo maana kuta zetu ni nyeupe. Si kwamba tulikosa rangi.

Nimewaambia wazee hujisikii vizuri, masomo yamekuchosha, utarudi. Usinifanye mwongo.

Mama yako.


20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na goti, usiwe unabeba ndoo peke yako. Mimi mzima. Kifua kimetulia, hewa ya huku ni kavu.

Mzee Kengele ameniandikia kunipa pole ya ugonjwa wa akili. Anasema wananiombea kila Alhamisi. Mama, siumwi. Mwambie.

Nisikilize kidogo tu. Zamani watu walikatazwa kumchora Mungu, na ilikuwa haki, kwa sababu nani alikuwa amemwona? Lakini akazaliwa. Akawa na pua, kucha, na kivuli kinachomfuata njiani. Mtu akisema Kristo hawezi kuchorwa, ni kama anasema hakuwa mtu kweli, alipita tu duniani kama wazo. Tunapobusu mbao hatuibusu mbao. Tunambusu yeye aliyekubali kuwa na uso. Na mamaye tunamwita Mzazi-Mungu kwa sababu hiyohiyo: hakuzaa kipande cha mtu, alimzaa Mungu mwenyewe katika mwili.

Usidhani huku tunachukulia mambo haya kimchezo. Mwezi uliopita tulikuwa na mgeni, mtawa wa kanisa jingine la kale, mzee mpole sana. Wao husema Uungu na ubinadamu wa Kristo vimeungana vikawa asili moja. Sisi tunasema asili mbili, nafsi moja. Ugomvi huo ni wa tangu mababu wa mababu. Tulipenda kumsikiliza, lakini kwenye kikombe cha Bwana hatukuweza kushirikiana naye. Alisali nasi akiwa amesimama karibu na mlango.

Jambo moja nilishindwa kukwambia nilipokuwa nyumbani. Ninyi hamkunituma nikasome. Mlinituma nirudi nikiwa Baba. Koti lake mlishanishonea upya, mikono mkaikunja. Hapa hakuna anayenitaka niwe marehemu.

Mwanao.


2 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mimi naendelea hivyohivyo. Natumaini huko wote wazima, na huyo mgeni wenu pia, kama bado amesimama mlangoni.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimemsomea hata jirani yangu, Mama Pacha, maana siku hizi ndiye ninayeongea naye. Unamkumbuka, Mkatoliki, wanawe pacha walikuwa wakikurushia maembe mabichi. Alicheka. Akasema, "Mwanao kampata Mungu kwenye mbao, mimi nampata kwenye mkate kila asubuhi, na wewe Mama Mchungaji wa kwako alishuka, akapanda, akafunga mlango." Nikamwambia hakufunga, yupo mioyoni. Akasema, "Moyoni hakupikiki chai." Nilikasirika, ila sikumfukuza.

Sasa nikujibu. Hakuna mtu kanisani kwetu aliyewahi kusema Bwana hakuwa na pua. Tunasema pua yake hujaiona. Unachora pua ya nani? Unamtungia Mungu uso, halafu unaupigia magoti uso ulioutunga mwenyewe. Na huyo mzee mpole, mwenye jina la Yesu midomoni, mmemsimamisha mlangoni kwa hesabu ya asili moja na asili mbili. Halafu unaniambia huko kwenu Mungu amekaribia watu.

Kuhusu koti la baba yako, nililishona mimi. Nililishona kwa sababu ulikuwa ukienda kuhubiri kwa vijana umevaa shati lililopauka. Nimeshalitoa. Amepewa mchungaji mpya, linamkaa.

Mama yako.


19 Julai

Mwanangu,

Hukujibu barua yangu. Sawa.

Naandika nimelala, usishangae mwandiko. Niliteleza bombani nikavunjika nyonga. Hospitali wamenifunga, wamenirudisha nyumbani, wamesema nisikanyage chini. Siwezi kugeuka. Siwezi kwenda haja. Umoja wa wanawake walikuja wakaimba, wakaacha matunda, wakaondoka kabla chombo hakijajaa. Mama Pacha ndiye anayeniosha. Ananiinua kwa kunishika makwapa, kama mtu anayebeba gunia la mkaa, huku akinitukana kwamba mimi mzito kuliko dhambi. Lakini ana mgongo, naye si kijana.

Sikuombi uache imani yako. Vaa hiyo kanzu, vaa mbili ukitaka. Nakuomba uje uninyanyue. Mwezi mmoja tu, mpaka niweze kukaa.

Mzee Kengele ananiambia umepewa kazi ya kuchora Mariamu mkubwa kwenye ukuta wa kanisa lenu. Mimi nipo hapa, na wewe uko huko unabusu picha ya mama wa mwenzio.

Njoo.

Mama yako.


10 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo, na pole, pole tena. Nilipoisoma barua yako nilitoka nje nikazunguka bustani mpaka kengele ya sala ikalia.

Nilikwenda kwa Baba Mkuu wa monasteri yetu. Nilimweleza. Alisikiliza, akasema mtawa mpya hatoki mwaka wake wa kwanza, hata kwa msiba, na ukuta lazima ukamilike kabla ya askofu hajafika. Nilitaka kusema neno. Lakini utii ndio mlango wa maisha haya, na nikianza kuchagua lini nitii na lini nisitii, nitakuwa nimevaa kanzu tu. Alinikumbusha kwamba hata Mwana alitii.

Kila siku jina lako linatajwa madhabahuni. Watawa wote wanakujua sasa. Nimekuchorea Mzazi-Mungu, yule ambaye Mtoto ameegemeza shavu kwenye shavu lake. Nilifunga nilipokuwa nikimchora. Mweke karibu na kitanda. Hutakuwa peke yako.

Mwanao akupendaye.


28 Septemba

Mwanangu,

Kifurushi kimefika. Ngoja nikueleze kilivyofika.

Kwa kuwa siwezi kutembea, aliyenichukulia posta ni Mzee Kengele. Pale dirishani walimtaka akifungue waone ndani kuna nini. Akakifungua. Kabla jua halijawa kali kanisa zima lilikuwa limepata habari kwamba Mama Mchungaji ameagiza sanamu.

Wazee walikuja watatu na mchungaji mpya, amevaa koti la baba yako. Walisimama kuzunguka kitanda changu, na mimi nimelala na chombo chini ya shuka, sikuweza hata kuwaambia wageuke. Mzee Kengele aliweka mbao yako mezani, imefunikwa gazeti, kama kitu kinachoambukiza.

Mchungaji akasema kwa upole, "Mama, hatukulaumu wewe. Tuichome tu hapo uani, tuombe, tuyasahau."

Nikasema, "Hapana."

"Unaiamini?"

"Siiamini. Sitaibusu, sitaiwashia mshumaa. Huyu mliyemleta hata uso wake siutambui."

"Sasa kwa nini tusiichome?"

"Kwa sababu kaichora mwanangu. Vidole hivyo vilitengenezwa tumboni mwangu. Nikiichoma nachoma kitu gani?"

Mzee Kengele akasema hivyo ndivyo ibada za masanamu zinavyoanza, kwa mapenzi ya kifamilia. Waliomba sala ndefu, ikinitaja. Siku iliyofuata barua ikaja: nimevuliwa darasa la wanawake, na sishiriki meza ya Bwana mpaka nitubu. Miaka yote ile, mwanangu, niliyosimama mbele ya wale wanawake nikiwaambia ukuta mweupe unatosha! Na hata sasa naamini unatosha.

Mbao iko juu ya kabati. Mama Pacha ndiye anayeipangusa vumbi.

Uliniambia sitakuwa peke yangu. Kabla haijafika nilikuwa na watu wanaokuja kuimba.

Mama yako.


20 Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo! Naandika kwa machozi ya furaha. Barua yako nimeisoma mezani mbele ya ndugu wote, na Baba Mkuu mwenyewe amesema, mwanamke huyu ameelewa picha takatifu kuliko wanatheolojia wengi. Umesema mikono ile ilitengenezwa wapi, na kwa sababu hiyo hukukubali ichomwe. Mama, ndilo fundisho lenyewe! Mwili si kitu cha kutupwa, kwa sababu Mungu aliupitia. Umelikiri mbele ya wazee bila hata kujua. Umeteswa kwa ajili ya picha, kama wakiri wa kale waliofungwa kwa kuitetea.

Baba Mkuu ameguswa sana. Ukuta umekamilika, askofu ameupenda, na mimi nimepewa ruhusa fupi ya kuja mwezi wa Desemba. Nitakuja, Mama. Nitakuona.

Mwanao.


29 Desemba

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama na hukupata baridi njiani. Mimi natembea sasa, kwa fimbo ya miguu minne. Najiburuta, lakini nafika.

Barua yako ya Oktoba sikuijibu kwa sababu ilinikuta sina la kusema. Sikukiri kitu mbele ya wazee. Nilikuwa mama aliyelala chali. Mlinisoma mezani kwenu kama somo la siku, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nyonga imeunga.

Sasa kuhusu kuja kwako. Siku ile nilisimama jikoni kwa mara ya kwanza tangu nianguke. Mama Pacha alinikataza, nikamwambia mwanangu anakuja, niache. Nilishika ukingo wa meza kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikakukaangia mayai na kuchemsha chai ya maziwa, nyepesi, unavyoipenda. Mguu ulikuwa ukitetemeka kama wa ndama. Ukaingia. Nilikuwa nimesimama pale, mikono nimeshaifungua. Ukatazama juu ya kabati, ukaikuta picha yako, ukaiinamia, ukajipigia ishara ya msalaba mara tatu. Ndipo ukasema, "Shikamoo Mama."

Nikasema marahaba. Nikadhani hayo ndiyo makali, yameisha.

Nilipokuwekea sahani uliitazama, ukaisogeza taratibu kwa vidole viwili.

"Mama, samahani. Tuko kwenye mfungo. Hatuli mayai wala maziwa mpaka Krismasi."

"Mnafunga kwa ajili gani?"

"Tunajiandaa kumpokea Bwana anapozaliwa katika mwili."

Ulijibu vizuri, kama mwanafunzi. Mama Pacha akauliza, "Sasa mgeni atakula nini?" Ukasema maji ya moto na mkate mkavu vinatosha. Yeye alikaa akala yale mayai yote huku amevimba kwa hasira, yasitupwe. Wewe ulidhani ana njaa.

Siku zile nilizokuwa nikifundisha, somo nililolipenda ni la mkwewe Petro. Alikuwa kitandani ana homa. Bwana akamshika mkono, akamwinua, na yule mama akaenda moja kwa moja kuwapikia. Nimelitafuta tena juzi, nimelisoma kwa miwani ya Mama Pacha. Hakuna palipoandikwa kwamba Bwana aliisogeza sahani.

Najua mfungo ni mfungo. Najua uliweka nadhiri. Nilikuwa mke wa mchungaji, najua watu wanavyoshikilia. Baba yako aliwahi kuondoka kwenye mazishi ya dada yangu kwa sababu kulikuwa na mishumaa. Umekimbia kote huko usiwe yeye.

Krismasi nilikwenda kanisani kwa Mama Pacha. Kwetu siruhusiwi mezani, na kukaa nyuma nikitazamwa siwezi. Nilikaa benchi la mwisho. Padre akainua mkate wao, kengele ikalia, watu wote wakapiga magoti kasoro mimi, kwa nyonga na kwa imani. Wanasema anashuka pale kila siku. Siamini. Walipokwenda kupokea nilibaki nimekaa na mikoba ya wanawake wa benchi langu, wameniachia niwashikie bila hata kunijua. Mama Pacha aliporudi alikaa, akanisogezea shali mabegani, akaendelea kusali. Hakunieleza chochote. Namshukuru kwa hilo.

Usinijibu kwa mafundisho, sina tena darasa la kuyapeleka. Ukipata ruhusa siku isiyo ya mfungo, njoo ule. Usipopata, usiandike.

Mama yako.